Ada imefutwa, bili imebaki: mtoto asiyeona na "elimu bure"

Wadau, kila ikifika Januari tunarudia mjadala ule ule. Mawaziri wanasema elimu ni bure, wazazi wanasema bure gani hii, na walimu wakuu wako katikati wanapigwa mawe na pande zote mbili. Safari hii sitaki kuzungumzia shule za kata wala madawati, hayo yamesemwa mpaka yamechuja. Nataka tuliangalie kundi ambalo katika mjadala huu halitajwi kabisa, labda siku ile kampuni fulani inapopeleka magunia ya mchele na kupiga picha na bango. Nazungumzia watoto wasioona walioko kwenye shule za umma. Swali langu ni jepesi kuuliza: je, shule ya umma ya wasioona inaruhusiwa kumtoza mzazi hela?

Ukimuuliza afisa elimu yeyote atakujibu haraka haraka, hairuhusiwi, ada ilishafutwa. Na kwa maandishi hajakosea. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mara ya kwanza mwaka 1973, enzi za Mwalimu. Miaka ya 1980 uchumi ulipobana, michango ikarudi kwa mlango wa nyuma, baadaye kwa mlango wa mbele kabisa. Mwaka 2001 ikafutwa tena, MMEM ikaanza 2002. Sekondari tukaendelea kulipa, 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni, mpaka ulipotoka Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, na kuanzia Januari 2016 kidato cha kwanza mpaka cha nne nako ada ikaondoka. Juni 2022 Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, akasoma bajeti na kufuta ada ya kidato cha tano na sita. Kwa hiyo kuanzia darasa la awali mpaka kidato cha sita neno "ada" halipo tena. Tuangalie kilichobaki baada ya neno kuondoka.

Watu wengi wanaukumbuka Waraka Na. 5 kwa sababu ulipigiwa sana ngoma. Wachache wanaukumbuka Waraka Na. 3 wa 2016, ambao ndio unaotugusa hapa. Huu ulitoka baada ya vurugu za miezi ya mwanzo, walimu hawajui wachangishe nini na wazazi hawajui wakatae nini, ukagawa majukumu: serikali itafanya hili, jamii lile, na mzazi hili. Upande wa mzazi kuna sare, madaftari na kalamu, matibabu, nauli ya kwenda shule na kurudi, na kwa mwanafunzi wa bweni kuna godoro, shuka na vifaa vya usafi. Ukisoma haraka unaona hakuna tatizo. Mzazi gani atalalamika kumnunulia mwanae shuka?

Lakini hebu tuusome taratibu, tukiwa na mtoto asiyeona mkononi.

Chukua mama mmoja, tuseme yuko kijijini huko Kiteto. Ana watoto wawili. Wa kwanza anaona. Akifika miaka sita au saba anaandikishwa shule ya msingi ya kijiji, asubuhi anaondoka kwa miguu, mchana anarudi anakula ugali wa nyumbani, usiku analala kitanda kile kile alichozaliwa nacho. Godoro la shule halimhusu. Nauli haimhusu. Kwa mtoto huyu waraka unamgharimu mama sare, madaftari na kalamu.

Wa pili haoni. Shule ya kijiji inaweza kumwandikisha, haina ruhusa ya kumkataa, lakini mwalimu wake hajui nukta nundu, hakuna mashine, hakuna kitabu hata kimoja anachoweza kukisoma kwa vidole. Atakaa darasani kama mgeni aliyekuja kusalimia. Kwa hiyo anapelekwa kwenye shule yenye walimu wake, na shule hizo nchi nzima zinahesabika: Buigiri kule Chamwino, Furaha kule Tabora, Irente kule Lushoto, na nyingine chache, pamoja na shule mchanganyiko na vitengo vilivyomo ndani ya shule za kawaida kama Uhuru Mchanganyiko pale Dar es Salaam na Mugeza Mseto kule Bukoba. Kutoka kijijini kwao ni safari. Kutwa haiwezekani. Lazima alale huko.

Sasa ona kilichotokea. Mtoto wa bweni anayeona, mara nyingi wazazi wamechagua bweni, au amefaulu akapangiwa huko akiwa tayari kijana wa miaka 14. Huyu wetu ana miaka saba, na bweni hakuna aliyemchagulia. Bweni ndilo darasa lake. Ukimwambia mama yake "elimu ni bure ila kulala, kusafiri na kula tutaelewana", umemwambia kwamba mlango ni bure ila ngazi ya kuufikia inauzwa.

Na hiyo nauli tuihesabu vizuri, maana ndiyo inayowashinda wengi na ndiyo haionekani kwenye risiti ya shule yoyote. Kijana anayeona akifunga shule anapanda basi peke yake: tiketi moja kurudi nyumbani, moja kwenda shule. Mbili kwa likizo. Mtoto wa miaka saba asiyeona haendi stendi peke yake. Mama anasafiri kumfuata, tiketi moja. Wanarudi wote, tiketi mbili. Likizo ikiisha anampeleka, mbili tena. Halafu mama anarudi nyumbani mwenyewe, moja. Jumla sita. Kwa likizo mbili ndefu, ya katikati ya mwaka na ya Desemba, ni tiketi kumi na mbili kwa mwaka, wakati yule kijana wa bweni anayeona ametumia nne, na yule mtoto wa shule ya kijiji hakutumia hata moja. Hapo bado sijaweka siku ambazo mama hakwenda shamba, wala gesti akikosa basi la jioni.

Matokeo yake sihitaji kuyaeleza sana kwa anayejua maisha ya vijijini. Wapo wazazi wanaomwacha mtoto shuleni likizo nzima. Wapo wanaochelewa kumrudisha mwezi mzima wakisubiri kuuza mahindi. Na wapo wasiompeleka kabisa, na hao ndio hatuwaoni, kwa sababu mtoto ambaye hajaandikishwa hawezi kufukuzwa kwa kukosa ada. Takwimu za waliofukuzwa zinabaki sifuri na waziri anasimama bungeni kwa amani.

Jambo la pili ni hayo madaftari na kalamu. Kwa mtoto anayeona daftari ni hela ya kawaida. Kwa asiyeona daftari ni karatasi ngumu, nzito, ambayo dukani kwa Mangi haipo. Kalamu yake ni kibao chenye matundu na kijiti cha chuma cha kuchomea nukta, au mashine. Mashine inayotumika sana kwenye shule zetu ni ya Perkins, ilitengenezwa Marekani mwaka 1951 na bado inauzwa kwa dola mia kadhaa. Ukiusoma waraka neno kwa neno, mzazi ndiye anunue "madaftari na kalamu". Najua hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayemwambia mkulima alete mashine ya Perkins, na kwa kweli shule na serikali ndizo zinazovibeba vitu hivi, zikisaidiwa na wafadhili. Lakini tazama mantiki yake: anayenusurika ananusurika kwa hisani ya mwalimu na mfadhili. Waraka wenyewe ukiusoma hivyo haumlindi. Waliouandika walikuwa na mtoto mmoja tu kichwani, yule anayeona.

Nije kwa walimu wakuu, maana si haki kuwatupia lawama watu ambao wamefungwa mikono. Mwalimu mkuu wa shule ya wasioona anapata ruzuku ya uendeshaji ile ile ya kila mwanafunzi wa msingi, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kichwa. Kiwango hiki ni cha MMEM, mwaka 2002, kilipopangwa kilikuwa sawa na dola 10 hivi. Leo ni chini ya dola 5. Na chini ya utaratibu wa elimu bure ulioanza 2016, katika hiyo 10,000, shilingi 4,000 zilikuwa zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, zinazofika shuleni ni 6,000. Chakula cha bweni kina fungu lake, na kiwango kilichokuwa kikitajwa tangu 2016 ni shilingi 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku. Milo mitatu. Gawa mwenyewe: 500 kwa mlo. Mimi nimeshindwa kupata mahali ambapo 500 inanunua chai na maandazi mawili, sembuse wali maharage, na mkaa, na mshahara wa mpishi. Fungu lenyewe likichelewa mzabuni anaendelea kuleta unga kwa mkopo, siku akichoka anasimama. Hapo mwalimu mkuu afanye nini? Ana watoto mia na zaidi wasioona, hawezi kuwaambia rudini nyumbani mkale, nyumbani ni safari ya siku nzima.

Basi anaita kikao. Kamati ya shule inakaa, wazazi wachache walioweza kufika wanakaa, inapitishwa kwamba kila mzazi alete kiasi fulani, au debe la mahindi, au maharage kilo kadhaa. Inaandikwa kwenye muhtasari kuwa ni "mchango wa hiari". Halafu orodha inabandikwa: nani ametoa, nani bado. Hiari gani yenye orodha jamani?

Tulishawahi kudhani jambo hili limekwisha. Januari 2018 Rais Magufuli, pale Ikulu, alipiga marufuku michango shuleni, akasema anayetaka kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri na si kwa mwalimu. Wengi tulipiga makofi. Kwa shule ya kata amri ile ilikuwa na maana, ilikata mianya mingi ya ulaji. Kwa shule ya bweni ya wasioona ilimkataza mwalimu kuomba bila kumpa alichokuwa anaombea. Mahindi yakaendelea kuhitajika. Michango haikufa, ila ilijifunza kunong'ona.

Kuna wanaosema, shule zenyewe si za serikali, ni za makanisa, kwa hiyo zitoze tu. Hili linahitaji maelezo kidogo. Ni kweli elimu ya wasioona nchi hii ililetwa na wamisionari. Buigiri ilianzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, miaka kumi na moja kabla ya uhuru. Irente ni kazi ya Walutheri. Serikali ikaingia polepole, ikaleta walimu, mishahara, ruzuku, mitihani, na wanafunzi wanaopangwa na maafisa elimu. Leo ukiuliza shule fulani ni ya nani unaweza kupewa majibu mawili kutegemea siku: siku ya kuhesabu mafanikio ni ya serikali, siku ya kudaiwa umeme ni ya kanisa. Kwa mzazi mimi naona kipimo kiwe kimoja. Kama ni ofisi ya elimu ya wilaya iliyomwambia "mpeleke mwanao pale, huku hatuna mwalimu wake", basi kwa mtoto huyo ile ni shule ya umma, hata kama juu ya paa kuna msalaba. Serikali haiwezi kumkabidhi mtu mwingine wajibu wake halafu bili ikaenda kwa mama wa Kiteto.

Sasa sheria inasemaje? Hapa ndipo panaposikitisha. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 11, inaitaka serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa ya elimu. Neno ni "jitihada". Na ibara ya 7 inasema mambo ya sehemu hiyo ya Katiba hayapelekwi mahakamani. Yaani una haki, ila huna pa kuidai. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inawapa haki ya elimu sawa na wengine, lakini gharama za bweni hakuna mahali imezibeba waziwazi. Elimu bure yenyewe imesimama juu ya sera na nyaraka, na waraka ni karatasi ya wizara: uliotolewa leo unaweza kubadilishwa kesho na waraka mwingine, bunge lisijue.

Nje ya hapo tumejifunga wenyewe zaidi kuliko tunavyojisemea nyumbani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Kifungu cha 24 kinataka mtoto mwenye ulemavu apate elimu ya msingi na sekondari bila malipo, kwa usawa na wengine, katika jamii anamoishi. Angalia hayo maneno mawili, "kwa usawa" na "anamoishi". Mtoto anayeona anasoma anamoishi bila kulipia kitanda. Kama asiyeona mmeshindwa kumsomesha anamoishi, basi usawa ni kwamba hicho kitanda kisimgharimu. Na kabla ya hapo, tangu 1976, tuko ndani ya Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Kamati inayousimamia ilitoa ufafanuzi wake mwaka 1999 na ikagusa kidonda chetu kama vile ilikuwa imekaa kwenye kikao cha kamati ya shule: michango ya lazima inayopakwa rangi ya hiari nayo inaweza kuhesabiwa kuwa kikwazo kile kile cha ada. Miaka mingapi imepita tangu 1999?

Majirani zetu wa Kenya wamechukua njia nyingine, na mimi kwa upande mmoja naipenda zaidi ingawa inatoza. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Halafu inasema tozo nyingine zinaweza kuwepo, lakini kwa ridhaa ya waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, kwa risiti rasmi, na mtoto yeyote asinyimwe kuhudhuria shule kwa sababu hajalipa. Kwa hiyo Kenya jibu la swali letu ni: karo ya masomo hapana, gharama za bweni ndiyo, zikiwa na kikomo. Kikomo chenyewe kimeandikwa. Mwongozo wa 2015 uliweka sehemu ya mzazi katika sekondari za mahitaji maalum kuwa shilingi za Kenya 37,210 kwa mwaka. Baadaye serikali ilipoongeza mkono wake hadi 57,974 kwa mwanafunzi, sehemu ya mzazi ikashuka hadi 12,790. Kwa mzazi wa Kapenguria au Likoni hizo bado ni hela nyingi, wala sisemi Kenya ni peponi, nao wana watoto wanaorudishwa nyumbani hata kama sheria inakataza. Lakini kuna namba. Namba unaweza kuishika, ukaenda nayo kwa mwalimu ukamwambia umezidisha, ukaenda nayo bungeni ukasema ipunguzeni. Sisi tuna sifuri kwenye karatasi na debe la mahindi mlangoni, na sifuri huwezi kuipunguza.

Mfano wa tatu unatoka mbali, lakini nauleta kwa sababu mashine zetu za nukta nundu zinatoka huko huko. Marekani walipitisha sheria mwaka 1975 kwamba kila mtoto mwenye ulemavu apate elimu ya umma bila malipo. Wakakutana na swali letu kabisa: je, kama shule inayomfaa ni ya bweni? Kanuni zao zinajibu kwa sentensi moja tu: kama bweni ni la lazima ili mtoto apate elimu hiyo, basi programu nzima, pamoja na malazi na chakula, isimgharimu mzazi chochote. Usafiri nao umewekwa kwenye huduma zinazoambatana na elimu. Wanaruhusu vitozo vidogo vidogo ambavyo kila mwanafunzi analipa, anayeona na asiyeona. Kwa hiyo majimbo mengi yana shule zao za wasioona na mzazi halipii kitanda. Najua utaniambia Marekani ina hela. Sawa. Ila mimi sikopi bajeti yao, nakopi mantiki: hawakuuliza "hii ni ada au ni chakula?" Waliuliza "mtoto anaweza kusoma bila hiki?" Kama hawezi, ni elimu.

Wapo watakaosema dawa si kulipia mabweni, dawa ni elimu jumuishi, mtoto asome kijijini kwao. Nakubaliana nao, na mkataba wa 2009 unawaunga mkono. Serikali ilishatoa mkakati wa taifa wa elimu jumuishi wa 2018 hadi 2021, ukafuata mwingine wa 2021/22 hadi 2025/26. Chuo cha Patandi kule Arusha kinafundisha walimu wa elimu maalum kwa miaka mingi. Lakini tusidanganyane, mwalimu mmoja wa nukta nundu kwa kila kijiji chenye mtoto mmoja asiyeona si jambo la kesho. Mpaka siku hiyo ifike, mtoto aliyezaliwa 2018 ana miaka yake ya kusoma ni hii. Na kuna ujanja ninaouona umeanza kujitokeza kwenye mijadala, wa kutumia "elimu jumuishi" kama kisingizio cha kutoongeza fungu la shule maalum, kwa hoja kwamba shule hizo zitakuja kufungwa. Mabweni yanakufa njaa kwa jina la shule ambazo bado hazijajengwa.

Hoja nyingine ni ile ya kwamba mzazi asipochangia hatathamini. Hii huwa inasemwa na watu ambao watoto wao wako shule za kulipia. Mama aliyekata tiketi kumi na mbili kwa mwaka hahitaji kufundishwa kuthamini.

Na gharama je, nchi itaziweza? Watoto wenyewe ni wachache. Hapa hatuzungumzii mamilioni ya watoto wa shule za msingi, tunazungumzia shule chache na vitengo ambavyo TAMISEMI inavijua vyote kwa majina. Fungu la chakula likipandishwa kwa shule hizi tu, bajeti ya elimu haitapasuka. Kuhusu nauli, nchi hii ilishalifanya jambo hilo ikiwa maskini kuliko leo. Wazee waliosoma Tabora, Ilboru, Mzumbe au Malangali enzi zile wanazikumbuka waranti: unapewa karatasi shuleni, unapanda treni au basi mpaka kwenu, serikali inalipa. Hakuna aliyesema ni kudekeza. Tuliona kwamba kijana wa Songea akipangiwa Bukoba hajajipangia, kwa hiyo aliyempanga amsafirishe. Mtoto asiyeona wa Kiteto anayepelekwa Buigiri naye hajajipangia. Waranti ya watu wawili, mtoto na anayemsindikiza, mara mbili kwa mwaka, kama huo ni mzigo basi na tuambiwe ni wa shilingi ngapi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo. Shule ya umma ya wasioona hairuhusiwi kutoza ada, hilo liko wazi. Chakula, kitanda na safari, kwa maandishi ya leo kitanda na safari ni mzigo wa mzazi, na chakula kinampata kwa njia ya "hiari". Kwa maoni yangu hayo nayo ni ada, na yanayofanyika ni kinyume cha mkataba tuliousaini 2009. Wa kubanwa siye mwalimu mkuu. Wa kubanwa ni aliyeandika Waraka Na. 3 na kusahau kuweka mstari mmoja unaosema: kwa mwanafunzi mwenye ulemavu aliyepangiwa bweni kwa sababu hakuna shule nyingine inayomfaa, godoro, vifaa vya kuandikia, chakula na nauli ni jukumu la serikali. Huo mstari unaweza kuandikwa wiki hii bila hata kwenda bungeni. Kuuweka kwenye sheria ndiko kunahitaji bunge.

Na bunge halina visingizio vya umbali. Kijiji cha Buigiri kiko kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, wilayani Chamwino. Waheshimiwa wanaotoka Dar es Salaam kwa mashangingi wanakipita kila kikao cha bajeti, labda wale wanaopanda treni ya umeme siku hizi. Mmoja wao, wa chama chochote, asimame kidogo, aingie ofisini kwa mwalimu, na aombe kuona vitu viwili tu: fomu ya kujiunga anayopewa mzazi na daftari la madeni ya mzabuni wa chakula. Avichukue aende navyo ndani. Kipindi cha maswali kwa Waziri Mkuu ni Alhamisi asubuhi.